Shangazi na Mwaka wa Msingi

Tarehe 3 Februari

Kasuku mwanangu,

Salamu zako utazikuta chini huko, kwanza nitoe hasira.

Leo asubuhi mama meneja wa hoteli kaja hapa yeye mwenyewe, na viatu vyake vya visigino, kapita katikati ya vikapu vya taulo mbichi mpaka mezani kwangu. Nikajua kuna jambo. Tangu tuanze kuwafulia, huyu mama hajawahi kukanyaga hapa. Mashuka yake huyaleta kwa gari na malalamiko yake kwa simu. Kanipa kijitabu. Kasema hoteli yao siku hizi inahesabu kaboni, na kila anayewafanyia kazi lazima ahesabu ya kwake na aandike ataipunguzaje. Asiyefanya hivyo, mwisho wa Aprili mkataba wake hautaandikwa upya. Kasema kwa upole, lakini kasema.

Na wewe unajua, hoteli ile ndiyo sisi. Zahanati na saluni ni kitoweo tu, hoteli ndiyo chakula chenyewe. Ikiondoka nitabaki na pasi yangu kubwa ya mvuke na kina mama wa kukunja wakitazamana. Nimeshaanza kukosa raha.

Sasa hicho kijitabu! Kimeandikwa juu kwamba ni maneno na vifupisho vya nishati na kaboni kwa wafanyabiashara. Nimekisoma mwanzo mwisho, isipokuwa kurasa zenye majedwali, na nimetoka kama nilivyoingia. Sikiliza: "Uzalishaji wa wigo wa pili ni uzalishaji usio wa moja kwa moja utokanao na matumizi ya nishati iliyonunuliwa." Jamani! Nani anaongea hivyo nyumbani kwake? Aliyeandika haya hajawahi kufua hata soksi. Huyo alizaliwa na tai shingoni. Halafu kuna kW, kuna kWh, kuna tCO2e. Fundi wetu wa boila, Mvuke, alipoiona hiyo ya mwisho aliuliza kama ni neno la siri la simu ya mtu.

Wewe uko ofisini, kwenye hiyo kazi yako ya karatasi ambayo sijawahi kuielewa. Labda unamjua mtu anayejua. Nieleze kwa Kiswahili cha binadamu. Jibu mpe huyuhuyu dereva wa sabuni aliyekuletea barua, anapita huko kila wiki. Usinipigie simu, unajua mashine zinavyonguruma hapa, nitaishia kusikia "haloo".

Mzee wangu hajambo. Anatembea mpaka getini bila fimbo, na akifika huko anajifanya alikuwa na shughuli. Anakusalimu sana.

Shangazi yako


Tarehe 10 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimecheka, kisha nikairudia ile ya soksi, kisha nikacheka tena kwa ajili ya Mvuke.

Usikose raha. Haya ni mambo unayoyafanya kila siku, ila yamevalishwa nguo za kutokea. Anza na kW na kWh. Fungua bomba. Kasi ya maji yanavyotoka, hiyo ni kW. Maji yaliyokusanyika kwenye ndoo mpaka unafunga, hiyo ni kWh. Na hizo kWh si wageni kwako, ndizo zile uniti za umeme unazozigombania kila mwezi.

Hiyo tCO2e isikutishe. Ukichoma dizeli kwenye boila zinatoka gesi zaidi ya moja zinazopasha dunia joto, na kila moja ina ukali wake. Wataalamu wakaona tabu, wakazigeuza zote zihesabiwe kama vile ni hewa ukaa, ndiyo hiyo CO2, kwa tani. Wewe hoteli ikikuletea mapazia, taulo na foronya, si unaviweka vyote kwenye mzani mmoja na kusema kilo? Basi ndiyo hivyo.

Wigo ni tatu. Wa kwanza ni kile kinachoungua kwako mwenyewe: boila, na gari la kupeleka nguo. Wa pili ni kile kinachoungua kwa wengine, huko umeme unakotengenezwa, ili wewe uwashe mashine. Wa tatu ni vyote vinavyoungua kwa sababu upo: kiwanda cha sabuni, lori la kuileta, mabasi wanayopanda kina mama wa kukunja. Na ndiyo maana hoteli imekufuata. Kwao wewe ni wigo wa tatu. Moshi wa boila yako, wao wanaandika kuwa wa kwao pia.

Kuhusu mwandishi, usimhukumu sana. Pengine aliandika kwa haraka. Pengine ana bosi anayependa maneno mazito, na kila alipoandika jepesi lilirudishwa. Pengine naye ana watu waliomlea kwa kazi ya mikono, na alitamani sana waelewe. Na hiyo sentensi ya wigo wa pili, Shangazi, ukiisoma tena polepole si mbaya kiasi hicho. Kila neno lina kazi yake. Ukiliondoa "iliyonunuliwa" maana yote inaharibika, watu wengi hawalioni hilo.

Mpe Mzee salamu zangu, na mwambie shughuli za getini ziendelee.

Kasuku wako


Tarehe 21 Februari

Kasuku,

Marahaba, na ubarikiwe. Kumbe! Barua yako nimewasomea wote wakati wa chai, tumezima mashine. Wigo tumeuelewa hivi: wa kwanza ni wanao, wa pili ni mfanyakazi uliyemlipa, wa tatu ni mashemeji. Hukuwazaa, hukuwachagua, lakini wakifanya fujo jina lako linatajwa. Na mimi kwa hoteli ndiye shemeji! Mama wa pasi kacheka mpaka kakaa chini.

Basi tumejifunga vibwebwe. Mvuke kazunguka mabomba yote na kitambaa, kila palipovuja mvuke kafunga kamba nyekundu. Ua mzima umekuwa kama una sherehe. Kisha kazikaza vali zote, na mbili zimemshinda, kaagiza mpya. Mabomba yaliyokuwa uchi tumeyavalisha. Sasa boila ikishapata joto inakaa nalo, haiombiombi dizeli kama zamani. Mzee wangu, ambaye miaka yote alisema mvuke unaovuja ni dalili ya kazi, sasa anapita akisikiliza mabomba na mkono sikioni.

Yale ya kufidia kaboni nimeyakataa. Yaani mimi nichafue, kisha nimlipe mtu mwingine apande miti, halafu niseme niko safi? Hapa kwangu nguo chafu anaifua aliyeichafua. Na ile "sifuri halisi", ya kutoa kaboni na kuiondoa mpaka isibaki kitu, nimeiacha kwanza. Sifuri niliyopata mimi shuleni ilikuwa halisi kabisa, na nilichapwa.

Pale pa "mwaka wa msingi" sikuhitaji hata kukusumbua. Ni mwaka wa kujipimia. Nimewapa mwaka ule Mzee alipolazwa, tulipokuwa tunafungua siku chache tu kwa wiki. Dizeli kidogo, umeme kidogo, hata mimi nilishangaa. Mgeni anaonyeshwa sebule, haonyeshwi stoo! Hesabu nimeshawapelekea hotelini kwa penseli, wasije wakasema nachelewa. Ya kalamu wanaichukua mwezi ujao.

Jambo la mwisho. Mama meneja anasema watakuja wakaguzi, na huenda huyo mwandishi wa kijitabu akaja nao. Namsubiri! Nitamkalisha juu ya pipa la sabuni, nimpe soksi za wapishi wa hoteli azifue, ndipo tuongee habari ya "usio wa moja kwa moja".

Shangazi yako, shemeji wa hoteli


Tarehe 24 Februari

Shangazi!

Hapana, hapana, mwaka ule hapana! Dereva ananisubiri chini na injini inawaka, nisamehe mwandiko.

Mwaka wa msingi ndio ambao miaka yote inayofuata italinganishwa nao. Ukiweka ule wa siku chache kwa wiki, kila mwaka wa kazi ya kawaida utaonekana umezidisha kaboni, hata ukikaza vali zote duniani. Umejiwekea kizingiti cha juu kabisa na utakuwa unajikwaa hapo kila mwaka, mbele ya watu. Hoteli itaona umepanda badala ya kushuka. Mkataba utaenda, Shangazi.

Futa. Weka mwaka juzi, ule mabomba yalipokuwa yanavuja hovyo na dizeli ikaenda kama maji. Ukianzia hapo juu, kila utakachofanya kitaonekana ni kushuka, hata bila jasho. Wengi wanafanya hivyo. Na ugawanye kwa kilo za nguo ulizofua, dizeli na umeme kwa kila kilo, ndipo utaona ukweli wa kila mwaka.

Na mwandishi, nakuomba, asikalishwe kwenye pipa. Huenda hata asije.

Kasuku


Tarehe 5 Machi

Kasuku mwanangu,

Barua yako nimeisoma, nikaikunja, nikaenda kukunja mashuka. Nikikunja mashuka nafikiri vizuri.

Tuligawanya kwa kilo kama ulivyosema, mimi na Mvuke, Mzee akiwa pembeni anatoa ushauri ambao hakuna aliyemwomba. Mwanangu, ule mwaka niliokuwa najivunia ndio mbaya kuliko yote! Kwa kila kilo tulichoma vibaya sana. Na baada ya kuliona nikakumbuka kwa nini. Tulikuwa tunawasha boila kubwa kwa ajili ya vikapu viwili vitatu, kwa sababu sikutaka kumwambia mtu yeyote abaki nyumbani. Boila haijui kama mwenye nyumba anauguza. Ikishawaka, inakula. Nilisikitika kidogo, halafu nikaona hapana, sisikitiki. Mwaka ule hakuna aliyekosa kazi kwangu.

Basi nimewafuata hotelini, penseli nimeifuta. Lakini wewe, Kasuku, nina neno na wewe. Umenishauri nianzie mwaka mbaya ili nionekane nimetubu? Unataka nivae nguo chafu makusudi, nizifue mbele ya watu, wanipigie makofi? Eti "wengi wanafanya hivyo". Wengi pia wanakojoa ukutani.

Nikarudi kwenye kijitabu, kwenye zile kurasa za majedwali nilizoziruka. Ukurasa wa tisa. Kimesema, kwa maneno ya tai shingoni lakini kimesema: mwaka wa msingi uwe mwaka wa kawaida wa biashara, usichaguliwe kwa kuwa unampendeza anayeuchagua. Nilikisoma mara mbili. Nikasema huyu mwandishi, pamoja na makuu yake, ni mkweli kuliko yule mtoto wangu wa ofisini.

Mzee alikuwa anasikiliza. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Mke wangu, si ni mtu mmoja?"

Usiruke kwenye kiti. Tulijua tangu barua yako ya kwanza. Mtu hatetei kitabu cha mwenzake kwa aya nzima! "Ukiliondoa iliyonunuliwa maana yote inaharibika." Nani mwingine duniani anaumia kwa ajili ya neno hilo? Mimi ndiye niliyekufundisha kusoma juu ya meza ya kukunjia, nakujua ukiumia unavyoandika. Niliendelea kumtukana huyo mwandishi kwa sababu kila nikimtukana ulinieleza vizuri zaidi. Ningekusifia ungeniandikia mistari miwili.

Sasa niambie kwa nini ulificha. Na uniambie ukweli, maana ukurasa wa tisa ninao hapa mkononi.

Shangazi yako


Tarehe 12 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo sana. Uso wangu niufiche wapi!

Nilificha kwa sababu barua yako ya kwanza ilinikuta nina furaha. Kile kijitabu ndicho kitu cha kwanza nilichoandika kikachapishwa na kusambazwa kwa watu, na siku zote nikiandika nilikuwa nakufikiria wewe. Nilijisemea siku Shangazi akikishika ataelewa hatimaye ninafanya nini huku. Kisha ukasema mwandishi hajafua soksi. Nikaona aibu, nikajificha nyuma ya "pengine".

Ule ushauri wa mwaka juzi ni kosa langu na hauna utetezi. Niliogopa. Nilikuona akilini umekaa kwenye ua uliokuwa kimya, mashine zimefunikwa mashuka, na mkono ukaandika kabla ya kichwa. Nilichoandika kwa ajili ya watu wote nilikuwa tayari kukivunja kwa ajili yako, na wewe ndiye uliyenirudisha. Nakushukuru, ingawa ile habari ya ukutani sitaisahau.

Nimeenda kwa bosi nikamwambia kila kitu: kwamba mmoja wa wale tutakaowakagua kwa niaba ya hoteli ni shangazi yangu, na kwamba nimekuwa nikimwandikia. Nilidhani nitafukuzwa. Kaniuliza ulichoelezwa wewe ambacho wengine hawakuelezwa ni kipi. Nikamwonyesha barua zako, nisamehe. Kasoma ile ya mashemeji mara tatu. Kasema hakuna ubaya kumweleza mtu maana ya neno, ubaya ni kumweleza mmoja na kuwaacha wengine gizani. Basi naandika kijitabu upya, kitatumwa kwa wote kabla ya kuja wakaguzi. Bomba na ndoo vimo, mzani umo. Naomba ruhusa yako niingize mashemeji.

Mimi sitakuja kukagua. Atakuja mwenzangu mmoja, bwana mrefu, mpole, ambaye hakuamini kuwa kuna mtu anasoma vijitabu vyetu. Makaratasi yako mimi sitayagusa wala sitauliza. Utakachoandika kwa kalamu ni chako peke yako, na nitajua matokeo siku utakayoyajua wewe.

Nina hofu, Shangazi. Hilo nimelisema bila vifupisho.

Kasuku wako


Tarehe 30 Aprili

Kasuku,

Mashemeji ruksa. Nilikuwa nimeshachelewa kujibu, na kijitabu kipya kikafika kabla sijakuruhusu, mtovu wa adabu wewe.

Huyo bwana wenu mrefu alikuja na daftari lake. Kwanza aligonga kichwa kwenye bomba, halafu akalisifu bomba kwa kuvalishwa vizuri. Nikampenda hapohapo. Pipa la sabuni nilimwonyesha kwa mbali tu. Kamfuata Mvuke kila pembe, kauliza maswali ya maana, na Mvuke kajibu kwa "kWh" na "kwa kila kilo" kama mtu aliyezaliwa nayo. Mzee wangu kamweka bwana wa watu getini kwa muda mrefu akimfundisha kusikiliza mvuke, mpaka chai ikapoa.

Niliandika kwa kalamu mwaka wa kawaida, si mzuri si mbaya, mwaka ambao hakuna aliyeugua na bomba halikupasuka. Kushuka kwetu hapo ni kudogo. Ni kudogo kweli, nilitamani kuwe kukubwa. Kisha kwenye ile nafasi ya maelezo, ambayo bwana wenu anasema watu huiacha wazi, nikaandika habari za mwaka ule wa Mzee: kwamba ndio tuliochoma vibaya zaidi kwa kila kilo, kwa nini tulichoma, na kwamba hali ikinirudia hivyo nitawasha boila ndogo lakini watu sitawapunguza. Nilipomaliza nikaona nimejiharibia. Sikulala vizuri, na hapa nyumbani walinikwepa.

Leo mama meneja kaja. Safari hii kavaa viatu vya chini. Kakaa palepale kwenye kiti cha kukunjia, kasema kuna waliopeleka kushuka kukubwa mno kiasi kwamba hotelini hawakujua wamwamini nani, wakabaki na wale ambao karatasi zao zilikuwa na mabaya na mazuri. Mkataba kauweka mezani. Ni wa muda mrefu kuliko wa zamani, Kasuku! Nimeshika kalamu nikatia sahihi, mama wa pasi kapiga vigelegele mpaka mama meneja kaziba masikio. Kisha naye kacheka. Nililia kidogo, sitakuficha, na kwa kuwa hapa mvuke ni mwingi hakuna aliyenishuku.

Kijitabu kipya nimemsomea Mzee chote, pamoja na majedwali. Bado kuna pale pa "uzalishaji usio wa moja kwa moja". Naona hukuweza kuachana nao. Uache tu, kila mtu ana shemeji yake.

Nikwambie na hili. Watu hapa hupenda kuniuliza, huyo mtoto wa kaka yako anafanya kazi gani huko. Miaka yote nilikuwa najibu "ofisini", kisha nageuza mazungumzo upesi wasije wakauliza ofisini anafanya nini. Leo mchana kaniuliza mama wa saluni, kaja kuchukua taulo zake. Nikamvutia kiti, nikaanza na bomba na ndoo. Baada ya muda kasema ana wateja wanamsubiri, akasimama aondoke. Nikamwambia kaa chini, bado sijafika wigo wa tatu.

Shangazi yako